Sare Tumeshona, Wadhamini Hatuna

Alhamisi, jua linazama. Joto la leo lilikuwa la kumkosesha mtu adabu. Mvua bado, na upepo umekusanya vumbi lote la Kishapu umekuja kulimwaga hapa senta. Nimekaa dukani, mlango nimeurudishia nusu, kwa sababu sitaki mteja, sitaki salamu, na sitaki mtu wa kuniuliza, "Fundi, vipi huko mahakamani?"

Nina hasira.

Ingekuwa hasira na wakubwa peke yao ningeshaizoea, ningeinywa na chai nikaendelea na kazi. Nina hasira na sisi. Akina mama wa hapa, mimi nikiwemo, na vitenge vyetu.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikiandika na hasira huwa naruka mambo, na nikija kusoma baadaye hata mwenyewe sielewi.

Mama Kulwa ni jirani yangu wa nyuma ya duka na mteja wangu wa miaka mingi. Ana mapacha, Kulwa na Doto, wako darasa la tatu. Kazi yake iko mwaloni. Kwa asiyejua, mwaloni ni pale mawe yanapopelekwa yakishatoka shimoni. Yanasagwa kwenye karasha, yanaoshwa, wenye mali wanachukua dhahabu yao wanaondoka, na mchanga unaobaki, tunauita marudio, ndio wanawake wanauosha tena na tena kutafuta kilichopita. Kwenye shimo lenyewe mwanamke hakaribishwi. Wachimbaji bado wanaamini tukisogea dhahabu inahama. Haya, tumewaachia shimo lao, tumebaki na mchanga, na mchanga huo umesomesha watoto wengi hapa kuliko watu wanavyotaka kukubali.

Mwezi uliopita likatoka tangazo kwamba wanawake wote waondoke mwaloni, eneo linapangiwa matumizi mengine. Matumizi gani, hakuna aliyesema. Waende wapi, hakuna aliyesema. Mama Kulwa akauliza kwenye mkutano wa kijiji, akaambiwa kaa chini. Akauliza ofisini, akaambiwa aandike. Akaandika, akaambiwa asubiri. Siku moja kijana wa pikipiki akamrekodi na simu, amesimama na buti zake za matope, karai mkononi, anauliza: "Sisi tunaondoka kwenda wapi?" Basi. Hakutukana mtu, hakutaja mtu. Lakini ile video ilikimbia hadi Kahama, ikafika Geita, ikavuka hadi Mwanza, na hapo ndipo tatizo lilipoanza, kwa sababu wakubwa wanaweza kuvumilia swali, ila hawavumilii swali ambalo watu wa Mwanza wamelisikia.

Kesho yake akaenda na wenzake wakakaa chini nje ya ofisi ya mtendaji wa kijiji, kila mmoja na karai lake, kimya, wakisubiri jibu. Jibu lilikuja na gari la polisi. Wengine walikimbia na siwalaumu, wana watoto. Mama Kulwa alibaki amekaa. Akabebwa. Mkusanyiko bila kibali, na uchochezi juu yake.

Uchochezi! Kwa kukaa chini na karai!

Sasa tuje kwetu. Sisi akina mama wa senta tuna kikundi cha kufa na kuzikana. Mwenyekiti ni Mama Pendo, anauza nafaka sokoni, mwanamke mwenye moyo mkubwa na sauti kubwa kuupita. Kikundi hiki kinajua kazi yake. Mtu akifiwa asubuhi, mchana turubai limefungwa, sufuria ziko motoni, na kamati ya sare imeshachagua kitenge. Mama Kulwa alipokamatwa tukafanya kile tunachokijua. Tukafungua kundi la WhatsApp, tukaliita Tuko Nawe Mama Kulwa, na tukaunda kamati. Kamati ya chakula sina la kuisema vibaya, kila siku kuna aliyepeleka ugali na mboga mahabusu. Kamati ya watoto pia ilimaliza kazi siku ile ile, Kulwa na Doto wanalala kwangu na Milembe, mwanangu. Halafu ikaja kamati ya sare.

Hivi kuna jambo gani la wanawake nchi hii linaloweza kuanza bila kwanza kuulizana tutavaa nini?

Wazo lilikuwa zuri, sikatai. Siku ya mahakama twende wengi, tumevaa sawa, akitoka kwenye gari atuone, ajue hajaachwa. Mama mmoja akasema tuvae nyeusi. Akajibiwa kwa ujumbe wa sauti, unasikia na mbuzi nyuma: "Nyeusi ya nini, bebe wee, kwani mnamzika?" Basi nyeusi ikafa. Kijani haiwezekani, ina wenyewe. Njano inatembea na kijani. Nyekundu na bluu ni za wale wengine, tukivaa hizo tutaambiwa tumetumwa. Zambarau nayo ina watu wake. Nyeupe tutaonekana kwaya, na kwa vumbi hili nyeupe ni ya mtu asiyefua mwenyewe. Nchi kubwa namna hii, mwanamke huna rangi ya kujifunika bila kuulizwa ni ya chama gani!

Siku zikapita. Mwenzetu analala sakafuni, sisi tunatumiana picha za vitenge.

Kuna wakili anamtetea, binti mdogo kutoka Shinyanga mjini, anajitolea. Yeye alituomba kitu kimoja tu. Aliandika kwenye kundi: nahitaji wadhamini wawili, wakazi wanaofahamika, kila mmoja na barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji na kopi ya kitambulisho, wafike mapema. Ujumbe wake ulipita katikati ya vitenge kama hakuna aliyesema kitu. Akaandika tena. Akajibiwa kwa picha ya ua waridi na neno Amina. Ikabidi anipigie mimi, na mimi nikaenda sokoni kwa Mama Pendo nikamwambia mwenyekiti, jamani, yule binti anataka watu, hataki nguo. Mama Pendo akasema kwa hilo nisiwe na wasiwasi, yeye na makamu wake watasimama. Na kweli, barua wakazipata, tena bila shida, kwa sababu Mama Pendo anaimba kwaya moja na mke wa mtendaji.

Kitenge kikapatikana Kahama hatimaye. Rangi ya udongo, na kimechorwa kuku na vifaranga vyake mwili mzima. Mama Pendo akatangaza kwa furaha kwamba amefanya uchunguzi na hakuna chama chenye kuku.

Aliyekataa ni mmoja tu, Bi Mwajuma, muuza viungo, mama mtu mzima ambaye wazee wake walitoka Tanga kufuata biashara wakasahau kurudi. Alisema, "Mimi na umri wangu huu nivae kuku kifuani? Nitakwenda na baibui langu, Mungu ananitambua." Watu wakanuna. Akaambiwa anavunja umoja. Na unaweza usiamini, lakini alitolewa kwenye kundi. Kundi la kumtetea mwanamke aliyefungwa kwa kusema anachofikiri, lilimtoa mwanamke kwa kusema anachofikiri! Niliandika hivyo kwenye kundi, hakuna aliyenijibu.

Basi nikashona. Wiki nzima cherehani haikupoa. Sare za shule za Januari nimezisogeza pembeni, mgongo unaniuma, vidole vimevimba. Kila aliyekuja kupimwa ana lake: huyu anataka mkono mrefu, huyu shingo ya mashua, huyu anataka kuku mkubwa akae katikati ya mgongo, sio begani, kwani begani atamnyonga. Kitenge changu mwenyewe hakikukatwa. Kilibaki kimekunjwa pale kwenye rafu, maana fundi kazi yake ni kuvaa wa mwisho.

Juzi Jumanne Mama Pendo akaja kujaribu ya kwake. Ilimkaa, nisiseme uongo, nilijipongeza. Akazunguka mbele ya kioo changu, binti yake akampiga picha. Mimi nikarudi kwenye kazi. Jioni nafungua simu, naikuta ile picha kwenye status ya Mama Pendo, mioyo mingi, na maneno: Alhamisi tunatoka na kuku wetu, Mama Kulwa hauko peke yako. Kioo changu kinaonekana. Cherehani yangu inaonekana. Namba ya mtendaji anayo kwenye simu, kwa hiyo mtendaji naye anaona.

Nikampigia hapo hapo. Mama Pendo, ifute hiyo! Akacheka. "Mayo, mama yangu, watu wengi wameipenda, hata mtendaji ameshaitazama."

Hata mtendaji ameshaitazama. Alisema hivyo kama habari njema.

Leo asubuhi kenta ya kukodi ikaondoka nao wakiimba. Mimi nilibaki kumalizia sare moja ya mama aliyetangulia nao amejifunga kipande kilichobaki, nikaipiga pasi, nikaikunja kwenye mfuko, nikapanda bodaboda kuwafuata na gauni langu la kazini la kijivu, lina alama za chaki hadi mapajani. Nilijisikia vibaya njia nzima. Nilikuwa najisemea, fundi mzima, wenzako wote wamependeza, wewe peke yako unakwenda umechakaa.

Pale barabara inapokata kwenda mahakamani, askari walikuwa wameshafunga kamba. Pembeni juani nikawaona kuku wetu wote, wameketishwa chini kwenye vumbi, wengine wanaimba, wengine wamejifunika vichwa. Askari mmoja akaisogelea pikipiki yetu na simu mkononi. Nikachungulia. Ilikuwa ile picha. Mama Pendo mbele ya kioo changu, na pembeni ya kioo, mfuko wangu wa nyuzi, huuhuu niliobeba. Akaangalia simu, akaniangalia mimi, akaangalia gauni, akaangalia tena simu. Akauliza mfuko una nini. Nikasema nguo za mteja, na huo ni ukweli. Akasema, "Pita, mama."

Nilipita. Simu ikalia, ni Mama Pendo, namwona kabisa ananipungia mkono kule chini. "Ingia wewe, mayo, utuwekee nafasi. Tunaelewana nao hapa, tunakuja sasa hivi."

Tunaelewana nao!

Ndani nikamkuta Bi Mwajuma, amekaa benchi la mbele na baibui lake na tasbihi yake. Alilala kwa mpwa wake palepale wilayani ili asichelewe. Aliyetolewa kwenye kundi ndiye aliyewahi kuliko kundi. Nikamwamkia, "Shikamoo Bi Mwajuma." Akaitikia marahaba, akageuka kuangalia mlangoni, akaniuliza kwa upole kabisa, "Kuku wako wapi?"

Nikakaa.

Wakamleta Mama Kulwa. Alikuwa amevaa gauni nililomshonea Pasaka, lile la maua madogo, wamemruhusu kuletewa nguo kutoka nyumbani. Mimi sijui sheria, lakini najua nguo. Gauni lile lilimkaa Pasaka bila kuvuta wala kuning'inia. Leo mabega yameshuka, kiunoni pamebaki nafasi ya mkono mzima. Aligeuka kutafuta watu, akaona mabenchi yako wazi. Akatuona sisi wawili. Akatabasamu, lakini nilimwona akiendelea kutafuta.

Hapo nilitaka kulia kwa hasira.

Hakimu hakuwa mtu mbaya. Aliongea polepole, akasema dhamana iko wazi, wadhamini wawili wenye barua wajitokeze. Wakili akageuka nyuma. Mimi nikaangalia mlango. Wakili akaomba muda kidogo, akapewa. Nikatoka nje nikampigia Mama Pendo, simu inaita, haipokelewi. Nikarudi. Hakimu akauliza mara ya pili, wadhamini wako wapi? Feni juu inazunguka na kulia. Mama Kulwa alikuwa anaangalia mikono yake, na najua alikuwa anafikiria mapacha wake.

Nikasimama.

Naomba asije mtu kunipongeza kwenye maoni huko chini. Sikusimama kwa ushujaa, nilisimama kwa hasira, na nilipokwishasimama ndipo nikakumbuka ninachokiweka rehani. Kwa sababu mimi ndiye ninayeshona sare za shule ya msingi ya hapa, kila Januari, na mtendaji ndiye mkubwa kwenye kamati inayochagua fundi. Sare hizo ndizo zinanilisha hadi mavuno ya pamba, watu wanapoanza tena kushona nguo za harusi. Kila mtu hapa senta anajua, na Mama Kulwa anajua kuliko wote. Aliponiona nimesimama akatikisa kichwa kidogo, taratibu, kuniambia kaa chini.

Sikukaa. Na pembeni yangu nikasikia magoti ya Bi Mwajuma yakilia, naye amesimama.

Hakimu akauliza kama tuna barua. Hatuna, mheshimiwa. Akatutazama, akavua miwani, akasema bila barua hawezi. Karani aandike majina yetu, tuje Jumanne na barua za mtendaji. Mshtakiwa arudi mahabusu.

Imeisha hivyo. Mtu alikuwa atoke leo, na amerudi ndani kwa sababu ya kitenge.

Tulipofika kwenye kamba tukawakuta bado wamekaa. Ndipo nikaelewa kwa nini simu haikupokelewa. Askari walikuwa wameandika jina la kila mwenye kuku, mmoja baada ya mwingine, maandamano bila kibali, na Jumatatu wote wanatakiwa kituoni kutoa maelezo. Mkoba wa Mama Pendo umepekuliwa na zile barua mbili zimechukuliwa. Makamu wake alikuwa analia. Wakili akatuambia palepale kwamba hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kusimama mdhamini tena, sio na jina lililoandikwa polisi. Kikundi kizima, watu ambao majina yao bado ni safi ni mimi na Bi Mwajuma. Aliyekataa sare na ambaye hakuwahi kujishonea.

Nilimgeukia Mama Pendo nikamwambia yote. Mbele ya watu. Si mngevua mkajifunga khanga! Si mngegeuza ndani nje! Si ungefuta ile picha nilipokuambia! Aliniacha nimalize, kisha akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, ndogo: "Fundi, mimi nilitaka tu atuone."

Karandinga lilikuwa linakuja.

Lilipunguza mwendo kwenye kamba. Akina mama wakainuka wote kwa pamoja, vumbi linawadondoka, na wakapiga vigelegele, jamani, vigelegele vya harusi, askari wanasema nyamazeni na hakuna anayesikia. Kwenye wavu nikauona uso wa Mama Kulwa. Alituangalia, kuku na vifaranga barabara nzima, na akaanza kucheka. Alicheka kweli, kile kicheko chake cha mwaloni. Akapiga kelele kutoka ndani, tukamsikia wote: "Mmependeza! Na yangu iko wapi?"

Watu wakacheka, wakalia. Gari likapita.

Mama Pendo akanigeukia taratibu. "Fundi, ya Mama Kulwa ulishona?"

Nani aliniambia nishone? Wiki nzima ya ujumbe na picha na ugomvi wa rangi, vipimo vya kila mtu na shangazi yake, na hakuna hata mmoja wetu aliyesema na Mama Kulwa mwenyewe awekewe kitenge. Hata mimi. Kila siku nawalisha watoto wake asubuhi, sikuwaza.

Tulirudi kwenye kenta bila kuimba. Bi Mwajuma akakaa katikati yao, na nikamwona Mama Pendo akihangaika na simu. Alikuwa anamrudisha kwenye kundi. Bi Mwajuma akasoma, akairudisha simu yake mkobani, akasema angalau apunguziwe hizo picha za maua.

Nimefika hapa, nimewapa watoto uji. Doto akauliza mama anakuja lini. Nikasema Jumanne. Kulwa akauliza, Jumanne ya kweli? Huyu mtoto ana mdomo wa mama yake.

Sijakaa vizuri, ujumbe ukaingia, kutoka kwa mtendaji. Umeandikwa kwa heshima zote: Fundi, habari za kutwa. Nimesikia leo ulijitokeza huko wilayani. Pole na safari.

Pole na safari. Nimeusoma hadi macho yameuma. Hakuna neno moja baya ndani yake, na nimeuelewa wote.

Nikampigia Baba Milembe, yuko Maganzo na lori la mizigo. Nikamweleza kila kitu, hata ile ya Jumanne. Kwanza alifoka. Akasema si niliambiwa nishone tu, nani amenituma kusimama, Januari tutakula vitenge? Nikamwacha, maana hakuna alilosema ambalo sikuwa nimeshajisemea mwenyewe. Nikasikia watu wanapakia mizigo huko aliko. Kisha akasema, "Kitambulisho chako kiko kwenye sanduku, chini ya mashuka. Toa kopi mbili, hao huwa wanapoteza."

Nimelia kidogo baada ya hapo, nakiri.

Mtendaji nimemjibu. Wabeja, asante, mtendaji, safari ilikuwa salama. Kesho mimi na Bi Mwajuma tunakuja ofisini kwako kuomba barua za utambulisho. Nimebonyeza kabla sijabadilisha mawazo. Ameshausoma, hajajibu. Akininyima nitakaa pale nje na karai langu, nione mwenyewe hiyo jinai inafananaje. Januari tutaijua ikifika. Hofu ninayo tangu mchana, na hasira bado ninayo pia, na hivi navyoandika Mama Pendo ametuma tena ujumbe kuuliza Jumanne tuvae nini. Mungu nipe uvumilivu. Nimemwandikia: nguo.

Sasa nimekishusha kile kitenge changu kwenye rafu. Nimekitandaza mezani, kuku wote wananiangalia. Vipimo vya Mama Kulwa ninavyo kichwani, bega, kifua, kiuno, urefu, lakini ni vya Pasaka. Nilishika mkasi nikabaki nimesimama, sijui nikate wapi. Mwisho nimekata vilevile vya Pasaka, na mishono ya pembeni nimeishikiza kwa mkono tu, nyuzi ndefu za kufumuka kirahisi, kwa sababu sijui Jumanne watanikabidhi Mama Kulwa wa ukubwa gani.